Msamaha Usio Wake

Kezia alikwenda hospitali kumpelekea shemeji yake uji, hakuwa na shughuli nyingine huko. Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, alianguka na pikipiki akavunjika mguu, akalazwa wodi ya wanaume pale Kibondo, na mgonjwa wa huku hula kile ambacho ndugu zake wamemletea. Basi kila asubuhi Kezia aliifunga chupa ya uji kwa kipande cha kanga, akapita sokoni kumwachia jirani yake Mwamvua ufunguo wa kibanda chake cha unga wa muhogo, akaelekea hospitali.

Kwenye kitanda cha pili kutoka kwa shemeji, karibu na dirisha, kulikuwa na mzee ambaye hakuletewa kitu. Bakuli hata la kuazima hakuwa nalo. Miguu ilimvimba, na macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Nesi alisema moyo wake umechoka. Watu aliokuwa akiwalimia kwa kibarua huko vijijini walimleta, wakamwachia blanketi, wakarudi kwenye mavuno yao. Jina lake Habonimana.

Siku ya kwanza Kezia alimpita. Siku iliyofuata alimimina uji kwenye kifuniko cha chupa, akamgusa bega, akamwambia kwa Kirundi, "Mzee, amka unywe." Kirundi ndicho alicholelewa nacho. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye akazaliwa upande huu, akaolewa na Muha, akapata uraia wa Tanzania, lakini lugha ya mama yake haikumtoka.

Mzee aligeuka kwa haraka ambayo haikulingana na ugonjwa wake.

"Irakoze? Ni wewe, mwanangu?"

Kezia angeweza kusema hapana. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusema. Wakati ule aliona tu mkono wa mzee ukipapasa hewani na kifuniko kimejaa uji wa moto, akataka uji usimwagike.

"Ego, data," akajibu. Ndiyo, baba. Ndivyo mwanamke yeyote wa Kirundi au wa Kiha angemjibu mzee kwa heshima. Lakini mzee hakusikia heshima. Alisikia mtoto wake amepatikana. Akashika kile kifuniko kwa mikono yote miwili, akanywa huku machozi yanamtiririka hadi shingoni.

Shemeji, mguu wake ukiwa umefungwa plasta, alitazama yote hayo. "Shemeji," alisema Kezia alipomrudia, "tangu lini umepata baba mwingine?"

"Nyamaza," Kezia alimwambia. "Nitamweleza kesho."

Kesho yake hakumweleza. Wala keshokutwa. Shemeji aliruhusiwa akarudi nyumbani na magongo yake, na Kezia akaendelea kwenda hospitali na chupa ya uji, mchana ugali na maharage, jioni akipata nafasi anaenda kumfulia mzee shuka. Kila alipofika mzee aliita jina lile, naye aliitika.

Kwa vipande vipande akapata kujua Irakoze ni nani. Mzee na binti yake waliishi kambi ya wakimbizi ya Mtabila, karibu na Kasulu. Mama alishakufa. Kambi ilipofungwa, watu wakirudishwa Burundi, Habonimana alimpakia binti yake kwenye basi pamoja na baba mdogo wa binti, akamwambia, tangulia, mimi nafuata. Hakufuata. Aliogopa kule alikokimbia, aliogopa watu waliokuwa wamekaa kwenye shamba lake, na asubuhi ile basi lilipoanza kutembea miguu yake ilikataa. Akatoroka akaingia vijijini, akawa mtu wa kulima mashamba ya wengine huku amejificha. Binti alikuwa hajavunja ungo.

"Ulinitazama dirishani," mzee alimwambia Kezia. "Unakumbuka? Ulikuwa na kitambaa cha bluu."

Kezia alikuwa anamkata kucha. Aliendelea kukata.

"Unakumbuka?"

"Ego, data."

Siku hiyo alirudi nyumbani akiwa kama mtu aliyeiba. Tharsisi, mumewe, fundi seremala asiyependa maneno mengi, alimsikiliza hadi mwisho huku anapiga randa ubao.

"Chakula mpelekee," alisema. "Tutakula pungufu, si shida. Lakini jina la watu utalirudisha lini?"

Kezia alikuwa makamu mwenyekiti wa umoja wa wanawake katika kanisa lao dogo la bati jekundu, na umoja huo ulikuwa na desturi ya kwenda hospitali mara moja kila baada ya miezi kadhaa. Walikwenda wamevaa sare, wakagawa sabuni, wakaimba wimbo mmoja kila wodi, wakapiga picha. Kezia mwenyewe ndiye aliyekuwa akipanga safari hizo na alizipenda sana. Sasa wodi aliijua kwa namna nyingine, alijua nani anaogopa sindano na nani hulia akidhani wenzake wamelala, na jambo hili lilimchanganya, kwa sababu hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemwombea kabla ya kwenda. Alikuwa anaifanya kazi ya Bwana, kama walivyoiita kwenye vikao, lakini aliifanya kwa uongo. Je, bado ilikuwa kazi ya Bwana? Jumapili saa ya ibada ndiyo saa mzee alipohitaji kugeuzwa na kuoshwa mgongo, kwa kuwa siku hiyo manesi walikuwa wachache. Jumapili moja akakosa ibada, kisha nyingine. Alipokwenda ya tatu alikuta kiti chake mbele kimekaliwa na mama mwingine. Hakuna aliyemsema vibaya. Walimsalimu kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko masimango.

Alipoinama kusali, mambo yalizidi kuharibika. Sala ile ya Baba Yetu aliijua kwa Kirundi tangu utotoni, nayo huanza na neno lile lile, data. Alipolitamka alimwona Habonimana. Akaanza upya, akamwona tena. Alitoka ibada haijaisha.

Mchungaji wao, Leonidasi, alimfuata sokoni siku ya pili yake. Alikuwa kijana kuliko Kezia, mpole, mwenye wasiwasi wa mtu aliyepewa kondoo wengi mapema. Alikaa kwenye gunia la unga, Kezia akamweleza kila kitu.

"Mama Fidele," alisema mchungaji, maana Fidele ndiye mtoto wa kwanza wa Kezia, "unachofanya kwa mikono ni chema. Siwezi kukuzuia, wala kanisa halitakuzuia. Ila uongo ni uongo. Mzee anajiandaa kuonana na Mungu akiwa ameshikilia kitu kisicho cha kweli. Mwambie, kwa upole, lakini mwambie."

"Na akiumia?"

"Kweli itamweka huru," alisema mchungaji, kisha akajikung'uta unga kwenye suruali, kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe. "Nitakuombea," akaongeza.

Kezia akatii. Siku iliyofuata alimlisha mzee kwanza, akamfuta mdomo, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mzee Habonimana," alisema, "nisikilize. Mimi si Irakoze. Naitwa Kezia. Nauza unga hapa sokoni. Ulinifananisha siku ya kwanza, nami nikakosa kukwambia. Nisamehe."

Kifua cha mzee kilipanda na kushuka.

"Bado una hasira," alisema mwishowe.

"Hapana, mzee, sikiliza..."

"Unajikana. Unaniita mzee. Ni haki yako. Mimi nilikukana kwanza." Akageuza uso ukutani. "Nilijua siku hii itafika. Nenda, mwanangu. Umenilisha, imetosha."

Mchana hakula. Jioni hakula. Nesi alimwita Kezia pembeni akamwambia kwamba mzee anakataa hata dawa, na kama yeye ni mtoto wake ajitahidi kumbembeleza. Kezia alisimama katikati ya wodi na bakuli mkononi. Alikuwa amesema kweli kama alivyoagizwa, na kweli hiyo ilikuwa inamwua mtu mbele ya macho yake. Alijaribu kuomba, neno la kuanzia likamkwama.

Akainama sikioni mwa mzee. "Data," alisema. "Nimekusamehe."

"Ya lile basi?"

"Ya lile basi. Na yote yaliyofuata. Nimekusamehe."

Mzee alimshika mkono akauweka kifuani pake. Akala. Akameza dawa. Usingizi ukamchukua kama mtoto aliyeshiba, na Kezia akatoka nje akaketi kwenye ngazi za wodi, hajui kama alichofanya ni jambo bora kuliko yote maishani mwake au ni baya kuliko yote.

Ni Mwamvua aliyempa njia, au angalau kitu cha kufanya. Mwamvua na mumewe Gharibu waliuza vitenge na kanga, na Gharibu alikuwa na duka jingine Kasulu, ambako wanawake wa kambi ya Nyarugusu walikuwa wakifika wanapopata kibali cha kutoka.

"Umehangaika kumwuliza Mungu, mbona hujamwuliza Gharibu?" alisema Mwamvua, kisha akacheka kwa jinsi Kezia alivyokodoa macho. "Jirani, kama huyo binti alirudi Burundi mwaka ule, inawezekana alikimbia tena kwenye ile vurugu ya baadaye. Wengi walikimbia. Wengi wako hapo hapo Nyarugusu. Tumuulizie."

Walimuulizia. Zikapita wiki, mzee akizidi kudhoofu, na Kezia akiomba kwa maneno machache, apatikane, apatikane, huku moyo wa pili ndani yake ukiomba asipatikane. Alijishangaa. Akipatikana, yeye atakuwa nani pale kitandani?

Alipatikana. Alikuwa Nyarugusu kwa miaka karibu kumi. Muda wote huo baba yake alilima mashamba ya watu upande wa Kibondo, mwendo wa saa chache kwa gari, na hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Irakoze alishuka kwenye gari stendi ya Kibondo asubuhi moja ya mvua nyepesi, mwanamke mwembamba mwenye kovu juu ya nyusi. Kezia alimpokea mfuko. Njiani alimweleza: baba yake haoni, moyo umechoka, na kwa bahati mbaya anadhani mimi ni wewe. Habari ya msamaha hakuitaja. Alijiambia kwamba atamweleza wakifika, kisha wakafika.

Mzee alisikia hatua za watu wawili. "Irakoze, umekuja na nani?"

Kezia alifungua kinywa. Vidole vya Irakoze vikamshika mkono juu ya kiwiko, vikabana.

"Ni jirani," alisema Irakoze mwenyewe. "Nimekuja kukupa pole."

"Karibu, jirani." Mzee alitabasamu. "Umemwona mtoto wangu? Nilimtupa kwenye basi kama mzigo. Nikamdanganya kwamba nafuata. Na leo ananiosha mgongo. Amenisamehe. Nilimuuliza kwa kinywa changu akanijibu kwa kinywa chake. Umewahi kuona jambo kama hilo?"

Irakoze alitazama ile mikono ya mzee juu ya blanketi, akaitazama hadi mzee akauliza kama jirani ameshaondoka.

Nje, chini ya ukumbi ambapo ndugu za wagonjwa hukaa kusubiri saa ya kuona wagonjwa, ndipo aliposema.

"Wewe ulimsamehe?"

"Mwenzangu, alikuwa hali chakula. Nilimwambia kweli, akaikataa. Nikaona..."

"Nimekuuliza, wewe ulimsamehe?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa kwenye lile basi?"

Kezia alitikisa kichwa.

"Tulipofika, baba mdogo alikuta shamba lina watu. Alikaa na mimi miezi michache, kisha akanipa kwa mwanamume aliyekuwa na nyumba. Hili kovu ni la huko. Kila siku kwa miaka yote nilikuwa napanga nitakachomwambia baba yangu nikikutana naye. Nilikuwa nayo maneno hayo, Mama. Hayo tu ndiyo yaliyokuwa mali yangu. Sasa nimefika, nakuta umeshamwambia mengine badala yake. Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna," alisema Kezia. "Nilidhani ni Mungu. Sijui."

"Hujui," Irakoze alirudia, bila kupaza sauti. Wanawake waliokaa karibu waliinamisha vichwa kwenye vikapu vyao.

Hata hivyo hakuwa na mahali pengine pa kulala, akaenda nyumbani kwa Kezia. Alikula alichopewa. Alimsaidia kupepeta unga bila kuombwa. Tharsisi alimtengenezea kitanda cha haraka kwa mbao za kazi ya mteja. Hawakuzungumza zaidi ya salamu. Kezia alitamani amtukane, maana ule ukimya haukumwonyesha pa kushika.

Asubuhi iliyofuata Irakoze alimkuta Kezia akifunga chupa ya uji kwenye kanga, akaichukua mikononi mwake. "Leo nakwenda mimi," alisema. "Peke yangu."

Kezia alibaki kibandani akipimia watu unga na kuwarudishia chenji isiyo sawa hadi Mwamvua akaja kumsimamia. Irakoze alirudi jua likiwa kali. Chupa ilikuwa tupu na imeshaoshwa. Aliiweka mezani, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Siku ya pili akaenda tena, na siku iliyofuata. Kezia hakwenda. Hakuambiwa asiende, lakini alihisi hapaswi, na mikono yake ikakosa kazi.

Mzee Habonimana alifariki siku hiyo ya tatu, adhuhuri, Irakoze akiwepo.

Mchungaji Leonidasi alikuja kuzika ingawa marehemu hakuwa muumini wa kanisa lolote la hapo, na wale akina mama wa umoja wakaja wakiwa na sufuria na kuni, bila sare. Gharibu alitoa sanda, akasimama pamoja na wanaume wengine wa Kiislamu pembeni, kofia kichwani. Ilipofika wakati wa udongo mchungaji alisema mtoto wa marehemu asogee. Watu wakamtazama Kezia, kwa kuwa ndiye waliyemwona miezi yote ile. Kezia akarudi nyuma hatua, akamtazama Irakoze.

"Anza wewe," Irakoze alimwambia.

"Mimi si..."

"Anza."

Kezia alichota udongo akautupa, huku anaona aibu na hajui ni aibu ya nini. Irakoze hakutupa. Alisimama mikono imefungwa kifuani hadi wanaume walipomaliza kufukia na watu wakaanza kuondoka. Ndipo alipopiga magoti akaanza kuusawazisha udongo kwa viganja, taratibu, akitoa mawe moja moja na kuyaweka kando. Kezia alimsubiri kwa mbali. Irakoze alikaa pale muda mrefu sana.

Kibali chake cha kuwa nje ya kambi kilikuwa kinakwisha. Stendi, wakisubiri gari la Kasulu lijae, Kezia alishindwa kujizuia.

"Ulimwambia kwamba ndiwe?"

"Nilimwambia, siku ile ya kwanza nilipokwenda peke yangu." Irakoze aliangalia barabara. "Nikamwambia, mimi ndiye Irakoze, mtoto wako. Nikamwambia na yale maneno yangu, yote, sikubakiza. Akanisikiliza. Kisha akasema, asante, jirani, naona na wewe ulitupwa na baba yako. Akaniombea. Akamwomba Mungu baba yangu anitafute."

Kezia alifunika mdomo.

"Nilikuwa nataka kucheka," alisema Irakoze, "nikashindwa. Nikamlisha uji."

"Nisamehe," alisema Kezia.

Kondakta alikuwa anapakia magunia juu ya gari. Irakoze alichukua mfuko wake. "Sijui, Mama Fidele. Usiniulize leo." Akampa mkono, kisha, kama aliyebadilisha nia katikati, akamkumbatia kwa mkono mmoja, haraka, akapanda.

Kezia alimpelekea mchungaji habari hiyo kama ilivyokuwa. Alitaka aambiwe ametenda dhambi ili atubu, au aambiwe ametenda haki ili atulie. Mchungaji Leonidasi alisikiliza akiwa amekaa kwenye benchi la kanisa tupu, akasugua paji la uso.

"Nilikwambia mwambie kweli," alisema. "Ukamwambia, akaacha kula. Binti naye akamwambia kweli, hakuisikia. Sijui, mama. Chuoni hatukufundishwa hili. Naogopa kukujibu."

Hapo ndipo Kezia alipomwamini kuliko siku zote za mahubiri yake, ingawa hakupata alichofuata.

Siku hizi Jumapili nyingine huenda kanisani, hukaa nyuma karibu na mlango. Jumapili nyingine hupita na kwenda hospitali, kwa sababu hapakosekani mtu aliyelala bila ndugu. Akifika kitandani husema kwanza, kabla ya kufungua chupa, "Mimi naitwa Kezia, hatujuani," na wapo wanaomtazama kwa mashaka na kuuliza ametumwa na kanisa gani. Naye hufungua chupa akamimina uji. Sala ya Baba Yetu huisema hadi pale pa kusamehe, na hapo hupoteza mstari, kwa kuwa hajui tena nani humsamehe nani, na kwa idhini ya nani.

Baada ya mvua za masika, Gharibu aliporudi kutoka Kasulu, alileta salamu za Nyarugusu. Irakoze anauliza kama kaburi limetitia.

"Hilo tu?" Kezia aliuliza.

"Hilo tu," alisema Gharibu.

Akamwita Tharsisi, wakachukua majembe wakaenda. Kweli lilikuwa limetitia upande wa kichwani, maji yametuama. Walijaza udongo, wakaushindilia, na muda wote huo Kezia alijiuliza kama swali lile la Irakoze lilimhusu baba tu au lilikuwa limetumwa kwake yeye, Kezia.